UZI: Om Puri hakuwa stelingi wala adui. Sasa tumwite nani?

MwanaKibokoni (mleta uzi)

Salaam alaikum, na wasioitikia salamu hii, hamjambo.

Juzi usiku barazani kwetu kahawa yazunguka, kijana mmoja katuwekea kwenye simu ile picha ya simba wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli, The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996. Wengi tushaiona mara kumi. Akatokea yule Mhindi kiongozi wa makuli, Abdullah, akamkabili Val Kilmer, na watu wanne wakasema kwa mkupuo mmoja, "Huyu namjua!"

Nikauliza, haya, nani? Mmoja akasema ni yule polisi. Wa pili akasema polisi gani, huyu ni mlevi aliyezungumza na maiti. Wa tatu akaapa kwamba ni baba yao wale watoto machotara wa Uingereza. Wa nne akanyamaza akajifanya anapuliza kahawa. Wale watatu wote walisema kweli. Jina hakulijua hata mmoja, na hawa ni watu ambao ukiwatajia wimbo wa Mukesh watakwambia ulikuwa upande gani wa santuri.

Anaitwa Om Puri. Amefariki tangu tarehe 6 Januari 2017, nyumbani kwake Mumbai, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 66. Mnivumilie, uzi ni mrefu.

Nadhani kosa ni letu. Sisi tuliolelewa na majumba ya sinema, Naaz, Regal na Kenya Cinema, tulikuwa na vyumba vitatu tu vya kumtia mchezaji: stelingi, adui, na mchekeshaji. Stelingi hafi. Adui hufa mwisho, tena akipiga kelele. Mchekeshaji kazi yake ni kupigwa makofi. Om Puri hakuenea chumba chochote katika hivyo, basi hatukumpa jina. Mithun, stelingi wa Disco Dancer, tulinyoa kama yeye. Na mwajua kwamba Om Puri yumo ndani ya picha hiyo ya 1982? Ndiye David Brown, meneja anayemwacha yule mwimbaji mwenye majivuno na kwenda kumwokota Jimmy, yaani Mithun, mtaani. Picha nzima tulimtazama Jimmy. Huyu tulimwita "mwenye uso wa ndui", tukapita.

Uso wenyewe ulikuwa hivyo kweli, mashimo-mashimo, pua nene, macho kama mtu aliyekesha. Alizaliwa Ambala, kaskazini ya India, katika nyumba ya Kipunjabi, mwaka 1950. Tarehe haikuandikwa popote. Mamake alimwambia kwamba ilikuwa siku mbili baada ya sikukuu ya Dussehra. Alipoanza shule, mjomba akamchagulia tarehe 9 Machi ili mwalimu apate cha kuandika. Alipokuwa mtu mzima akaitafuta mwenyewe Dussehra ya mwaka ule, akahesabu, akapata tarehe 18 Oktoba. Wazee wetu waliozaliwa "mwaka wa njaa" wataielewa habari hii bila kuelezwa.

Babake alikuwa mtu wa reli na nyumba ilikuwa na dhiki. Om mdogo aliosha vikombe kwenye kibanda cha chai akiwa na umri ambao wenziwe ndio kwanza wajua herufi, na akiokota makaa ya mawe kandokando ya reli. Ndoto yake ilikuwa awe dereva wa garimoshi. Hiyo reli ishikeni, tutairudia.

Mchezo wa jukwaani aliuanzia Patiala. Kisha akaingia chuo cha taifa cha maigizo Delhi, akakutana na Naseeruddin Shah, wakawa marafiki wa maisha. Huko Delhi kilichomtesa zaidi kilikuwa Kiingereza. Alikuwa amesoma kwa Kipunjabi, na wenziwe wengi walikuwa watoto wa shule za kulipia. Baadaye akaenda chuo cha filamu cha Pune, akamkuta Naseer huko pia.

Sasa nifike ninakotaka. Aakrosh, 1980, picha ya kwanza ya Govind Nihalani kama mwongozaji. Om Puri ni Lahanya, mkulima wa watu wa msituni, ameshtakiwa kwamba amemuua mkewe. Hakumuua. Wakubwa wa pale ndio waliomharibia mke na kumtoa roho. Wakili wake, Naseer, anambembeleza aseme. Hasemi. Picha inakwenda, inakwenda, na huyu bwana hafungui kinywa. Jaribuni kufikiria mchezaji mkuu asiye na maneno, tena katika sinema ya Kihindi ambako hata anayekufa huimba kwanza! Anatazama tu. Mwisho wanamleta na pingu kwenye maziko ya babake, anauona ule moto, anamwona dada yake mdogo, na anawaona wale wakubwa wanavyomtazama dada yake. Anashika shoka anamuua dada yake mwenyewe ili wasimfanye walivyomfanya mkewe. Hapo ndipo sauti inamtoka.

Niliitazama mara moja. Sitaki tena.

Miaka mitatu baadaye, Ardh Satya, tena ya Nihalani. Sasa ni inspekta mdogo wa polisi Bombay, Anant Velankar, mwana wa polisi aliyekuwa akimpiga mkewe. Anataka kuwa mwema. Kila akimkamata jambazi Rama Shetty, simu inapigwa kutoka juu, jambazi anatoka. Anaanza kunywa. Usiku mmoja anampiga mwizi wa vivi hivi hadi anamfia mikononi. Mtazame mabega yake baada ya pale, yanashuka kama ya mtu aliyetua gunia akaona kumbe bado lipo. Picha hiyo ilimpa tuzo ya taifa ya mchezaji bora, na nyingine kwenye tamasha la filamu la Karlovy Vary mwaka 1984.

Nimechoka kuandika. Endeleeni.

FundiMakupa

Kaka, shukran, lakini umetumalizia picha zote mbili. Sasa tutazame nini?

Na swali. Huyu si ndugu yake Mogambo?

MwanaKibokoni (mleta uzi)

Nilijua litakuja. La. Mogambo, yule adui wa picha ya Mr. India, ni Amrish Puri, aliyezaliwa 1932 na kufariki 2005. Ndugu zake waliocheza picha ni Madan Puri na Chaman Puri. Om hahusiani nao kwa damu, ni jina la ukoo tu, kama huku Mombasa ukisema kila Mazrui ni binamu yako. Linalowachanganya watu ni kwamba walicheza pamoja sana. Katika Ardh Satya yule baba mpiga mke ndiye Amrish. Katika Aakrosh Amrish ni mwendesha mashtaka. Hata katika Gandhi wamo wote wawili.

KahawaChungu

Gandhi ya 1982! Hapo mleta uzi umeruka jambo, na mimi hapo ndipo nilipomjua.

Saa tatu nzima za picha, Om Puri ana dakika chache. Calcutta inawaka, Wahindu na Waislamu wanachinjana, Gandhi amefunga, yuko kitandani karibu kufa. Anaingia mtu mchafu, macho yamemtoka, anamrushia mkate ale. Anasema yeye anakwenda motoni. Ameua mtoto wa Kiislamu, amempigiza kichwa ukutani, kwa sababu wa kwake wameuawa. Gandhi anamwambia kuna njia: atafute mtoto aliyefiwa na wazazi, amlee kama wake, lakini awe mtoto wa Kiislamu, na amlee kwa dini yake ya Kiislamu. Tazameni sasa uso wa Om Puri anapoisikia ile sehemu ya mwisho. Halii papo hapo. Kwanza hafahamu. Kisha anafahamu. Kisha ndio anaanguka.

Picha ina jeshi la watu katika maziko ya Gandhi, na mimi nikitoka pale kilichobaki kichwani ni huyo mtu na mkate.

MkosoajiWaMtwapa

Mwampamba mno. Mimi nimemwona katika picha za ovyo zisizohesabika. Miaka ya mwisho alikuwa haachi kitu: polisi, jaji, baba wa msichana, Singasinga mwenye kelele. Mchezaji mkubwa huchagua. Huyu alikuwa kama matatu ya Likoni, yeyote apande.

MwanaKibokoni (mleta uzi)

Sheikh, nusu nakubali. Zipo picha alizocheza ambazo hata mimi nimezizima. Lakini zile za sanaa tunazozisifu hazikulipa. Mtu aliyeosha vikombe vya chai utotoni humwambii akae nyumbani asubiri picha nzuri.

Halafu hata humo alikuwa hafanyi kwa mkono wa kushoto. Hera Pheri ya 2000, yule Singasinga unayemcheka, Kharak Singh: ana dakika ngapi? Na nani haikumbuki ile sauti anapodai fedha zake?

FundiMakupa

Na yule mlevi na maiti ni picha gani? Nataka kucheka, mmeninyongesha.

BiMdogoWaGuraya

Hiyo ni Jaane Bhi Do Yaaro, 1983. Mwaka uleule wa Ardh Satya, hebu fikiria! Huku yuavunja watu moyo, huku yuachekesha. Yeye ni Ahuja, mkandarasi mla rushwa, amelewa chakari, miwani myeusi usiku. Anakuta sanduku la maiti limeachwa barabarani, anadhani ni gari la mtu limeharibika, na aliyelala ndani ni dereva. Anaanza kumsemesha. Akiona hajibiwi, anamwonea huruma, anamfunga nyuma ya gari lake amvute.

Mwisho maiti inavishwa sari na kuingizwa jukwaani kwenye mchezo wa Mahabharata, hadithi ya kale ya Kihindi, iwe ndiye Draupadi, mke wa ndugu watano, na Ahuja naye anavamia jukwaa kudai mke ni wa wote watano, kwa nini mmoja amchukue peke yake. Sisi tuliitazama kwa kaseti ya kukodi, imechakaa, mistari inapita katikati, na hakuna aliyejali. Marehemu babangu alicheka mpaka akatoka nje kukohoa.

RelwePensheni

Wanangu, mimi ni mtu wa reli, nimestaafu zamani. Kijukuu kanisomea uzi huu, naye ndiye aandikaye haya ninayosema, makosa ni yake.

Hiyo picha ya Tsavo niliiona na wenzangu wa kazini. Tulizomea. Kwanza haikupigwa Tsavo, ilipigwa Afrika Kusini. Pili, simba wa kweli hawakuwa na manyoya ya shingoni, wale wa picha wana manyoya kama sofa. Tatu, yule mwindaji Mmarekani, Michael Douglas, hakuwako kabisa. Simba waliuawa na Patterson mwenyewe, mhandisi wa daraja la reli pale Tsavo, ndiye aliyechezwa na Val Kilmer, Desemba 1898, na mizoga ikaishia kwenye jumba la makumbusho Chicago. Patterson aliwahi kudai simba wale walikula watu 135. Waliokuja kupima mifupa na manyoya miaka zaidi ya 100 baadaye wakakadiria kama 35.

Lakini Abdullah ndiye mtu pekee mle ndani niliyemwamini. Mwajua makuli walifanya nini hasa? Walipochoka kuliwa walijilaza juu ya reli, garimoshi lililokuwa likipita likasimama, wakapanda juu ya mizigo na vikorokoro vyao wakateremka pwani. Yaani huku kwetu. Kazi ya daraja ililala wiki tatu. Reli hii ilianzia hapa Mombasa 1896 na ikaingia Kisumu 1901, makuli zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, karibu 2,500 walikufa, na wengi wao hawakuuawa na simba, ni maradhi na ajali. Ile hasira ya mtu aliyeletwa mbali akaambiwa avumilie ndiyo Om Puri aliyoitia katika maneno machache aliyopewa. Msimamo wake tu, alivyomkazia macho mzungu, nimewaona wafanyakazi wakisimama hivyo mbele ya wakubwa. Mimi mwenyewe nimesimama hivyo.

Sikujua kwamba aliokota makaa relini. Basi.

MwanaKibokoni (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Ndiyo sababu niliwaambia muishike hiyo reli. Mtoto aliyetaka kuendesha garimoshi, kazi yake ya Hollywood inayojulikana zaidi huku kwetu ikawa ya kuwatoa watu relini.

RelwePensheni

Marahaba. (Babu amecheka. Anasema dereva wa kweli hulala mapema, kwaherini.)

BintiMajengo

Mimi nina la kusema kuhusu East Is East, 1999, na nimeliandika na kulifuta mara mbili.

Kwa wasiojua: George Khan ni Mpakistani aliyehamia Salford, Uingereza, ana duka la samaki na chipsi, mke Mwingereza, watoto 7. Ni mwaka 1971. Anataka watoto wawe Wapakistani kamili na watoto hawataki. Anawapangia ndoa kwa siri. Inaanza kama kichekesho, unacheka kwelikweli, halafu anampiga mkewe na kicheko kinakukwama kooni.

Nyumbani kwetu baba alikuwa na asili ya ng'ambo na mama wa hapa, sisi katikati. Sitasema zaidi. Nataka kusema tu kwamba wachezaji wengi wakipewa baba mkatili humcheza akiwa shetani ili watazamaji wasiwadhanie vibaya wao, au humtilia machozi mwishoni ili asamehewe. Om Puri hakufanya mojawapo. Mkono ukipanda ni mkono mzito. Kisha unamwona peke yake na chai yake, mtu mnene aliyechoka, aliyesafiri bahari nzima, na hata watoto wake mwenyewe hawamwelewi asemacho, na unamwonea huruma bila ya kumpa haki. Mimi babangu sikuwahi kumtazama vile nikiwa nyumbani. Nilimtazama vile nilipokuwa na miaka 30, katika picha ya mtu mwingine.

Aliteuliwa kuwania BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, ya mchezaji bora kwa picha hiyo. Kwa Kiingereza, kilekile kilichomtesa chuoni.

KahawaChungu

Dada, pole na asante.

Kabla ya hiyo alicheza My Son the Fanatic, 1997, dereva wa teksi Bradford ambaye mwanawe anaingia siasa kali za dini. Mgeuko ni huo: huku baba anawakazia watoto, kule mtoto anamkazia baba. Uso uleule, na huwezi kudhani ni watu wa nyumba moja.

KijanaWaKisauni

Sisi wa kizazi hiki tumemjua Bajrangi Bhaijaan, 2015. Ndiye yule Maulana anayemficha stelingi, Salman Khan, kwa kumvika buibui. Na ile Jungle Book ya 2016 iliyotiwa Kihindi, chui Bagheera ni sauti yake. Nimeirudia jana nikafumba macho. Kumbe sauti peke yake yatosha.

MkosoajiWaMtwapa

Haya, hiyo ya Bajrangi nakubali. Na City of Joy, 1992, alipokuwa mvuta riksho Calcutta pamoja na Patrick Swayze. Nimekaa Marikiti nikiwatazama mahamali na mikokoteni miaka mingi. Mtu akijifanya hamali namjua, huvuta kwa mikono. Huyu alivuta kwa kiuno.

Lakini zile nyingine bado ni za ovyo.

FundiMakupa

Ameanguka huyo, mpeni kahawa.

BiMdogoWaGuraya

Mbona hakuna aliyeitaja Mirch Masala? Ya 1987, ya Ketan Mehta. Wanaume nyinyi mwaona polisi na simba tu.

Subedar, mtoza kodi wa Waingereza, Naseer huyohuyo, anamtaka mwanamke wa kijiji, Smita Patil. Smita anakimbilia kiwanda cha kusaga pilipili. Mlinzi wa kiwanda ni mzee wa Kiislamu, Abu Mian, na huyo ndiye Om Puri. Hakuwa amefika hata miaka 40, lakini ukimwona utaapa ana 70: mgongo, pumzi, hata anavyoshika bunduki kama anayeshika fimbo ya kutembelea. Kijiji kizima, wakubwa wote, wanamwambia afungue, ni mwanamke mmoja tu, atuponze sote? Hafungui. Mlango unavunjwa, anapigwa risasi. Na waliobaki ndani ni wanawake na pilipili.

Mengine siwaambii, nisije nikalaumiwa kama mleta uzi.

FundiMakupa

Huyu Bi Mdogo ana adabu. Yapatikana wapi hiyo?

MwanaKibokoni (mleta uzi)

Ninayo kwenye flashi. Ijumaa baada ya isha, barazani, tutaiweka ukutani kwa projekta ya jirani. Bi Mdogo na kina mama watawekewa viti ndani dirishani kwetu. Mahamri nitatoa mimi, mbaazi aje nazo Mkosoaji, awe amelipa faini.

Nimalizie hili. Leo mchana nilikwenda kumwona shangazi yangu. Ana miaka 80 na kitu, macho hayaoni vyema, majina ya wajukuu anayachanganya. Zamani hakuwa anakosa onyesho la wanawake, na sinema zilipofungwa akahamia kaseti. Nikamwekea simu karibu na uso, picha ya Om Puri uzeeni, suti na miwani. Nikamuuliza, shangazi, huyu wamjua? Jina hakulijua. Akaishika ile simu kwa mikono miwili, akaileta karibu, akaipeleka mbali.

Akasema, "Si yule bawabu aliyekataa kufungua mlango?"